Mtu wa Reli Aliyezima Kamera

Kuna watu wa mabasi, wa malori, wa bandari na wa taa za barabarani, kutoka miji ambayo sijawahi kuikanyaga, ambao wamewahi kuniona nimevaa shati jeupe na tai juu, bukta ya maua chini.

Nilisimama mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa nimekaa vizuri mbele ya kompyuta, kamera inaonyesha kichwa na kifua tu, mtu mzima na heshima zake. Ghafla nikaruka kutoka kitini kama mwanafunzi aliyefumwa na mwalimu mkuu, nikainamisha kichwa, nikaiamkia skrini.

"Shikamoo mama."

Darasa zima likaangua kicheko.

Wadau, bukta ndiyo sehemu nyepesi. Hiyo ningeweza kuicheka hata mimi. Tulieni niwape kisa chenyewe, ambacho mpaka leo nikikikumbuka nikiwa peke yangu najikuta nafunika uso kwa mikono.

Mimi ni meneja wa uendeshaji kwenye kampuni ya mabasi. Kwa lugha rahisi, basi likichelewa naulizwa mimi, dereva akiugua natafuta mwingine mimi, abiria akitukanwa na kondakta malalamiko yanakuja mezani kwangu. Kazi naijua. Naomba hilo mlishike, maana hiki si kisa cha mtu asiyejua kazi.

Mwaka huu kampuni iliamua kufunga vifaa kwenye mabasi yote, ili abiria aliyeko kituoni aone kwenye skrini basi lake limefika wapi. Mkurugenzi akasema atakayesimamia mradi huo lazima kwanza asome kozi ya mtandaoni ya kusimamia miradi ya teknolojia, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa usafirishaji.

Alikuwa na sababu. Mradi uliotangulia ulituumbua.

Tulikuwa tumenunua mashine za kukatia tiketi bila kumuuliza mtu atakayezishika. Zilipofika nikasema hizi hazitafika mbali, nikaonekana mkorofi. Basi nikaingia kwenye kikao na ndoo ya maji, nikaidumbukiza mashine moja mbele ya wakubwa. Ikafa palepale. Wakasema ndoo si mvua. Mvua ya kwanza ilipokuja, nyingine zikamfuata mwenzao.

Kisa hicho nakipenda. Nimekisimulia kazini, misibani, harusini, na mezani kwa wakwe. Mkiona nimeshiba na nimenyamaza, jueni natafuta pa kukichomeka.

Sasa, nyumbani.

Kozi ilipoanza, mke wangu alikuwa kwao. Aliaga kwamba anakwenda kupumzika kidogo, akamchukua na binti yetu mdogo. Mke wangu ni fundi wa nguo. Nilipomwona anapakia na cherehani nikajua mapumziko haya si ya kawaida, kwa sababu mtu anayekwenda kupumzika habebi cherehani.

Tulikuwa na wageni siku ya kabla yake. Alikuwa anawasimulia jinsi tulivyopotea njia tukienda kwenye harusi ya rafiki yetu, akachanganya kidogo nani aliyekuwa anaelekeza. Nikamkata.

"Tusipotezeane muda. Kaa kimya, nisimulie mimi."

Wageni wakacheka. Yeye naye akacheka. Nikasimulia, kikawa kitamu, nikajiona nimeokoa jahazi. Walipoondoka akaosha vyombo, na asubuhi nikamkuta anakunja nguo za mtoto.

Haikuwa mara ya kwanza. Alishaniambia mara nyingi kwamba ninaongea naye kama ninavyoongea na basi bovu. Na mimi nilikuwa na jibu langu, lile lile kila siku: nimechoka, kazi inanikaba, hasira zangu ziko karibu, ndivyo nilivyoumbwa, lakini moyoni sina kitu. Akilisikia hilo anapoa. Mara nyingine alikuwa ananionea huruma mpaka ananibandikia maji ya kuoga.

Safari hii hakupoa. Nikipiga simu anaongea habari za mtoto tu, kisha anampa mtoto simu.

Kwa hiyo tegemeo langu lote likawa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi mji mwingine, bado anafanya kazi reli. Kazi gani hasa? Hapo mnanikamata. Mimi nilijua tu "yuko reli." Kichwani mwangu nilimweka dirishani akikata tiketi, na miaka yote ya ndoa sikuwahi kumuuliza.

Ila kumpigia, nilimpigia. Kila jioni. Na mngesikia sauti yangu msingeamini ni mimi. Shikamoo mama, pole na kazi mama, mgongo unaendeleaje mama. Asali tupu.

Naye alikuwa upande wangu waziwazi.

"Mkwe, huyu mtoto nimemdekeza mwenyewe, kitinda mimba," aliniambia. "Anasema unamdharau. Nikamwambia mwanangu, mume wako mimi namfahamu, hajawahi kunipandishia hata sauti. Nipe muda nimkalishe chini. Atarudi."

Nikashukuru mpaka ulimi ukakauka. Kwa kweli, wadau, nilihesabu mke wangu amesharudi. Nilibadilisha hata mapazia.

Turudi darasani.

Mkufunzi wetu alikuwa bwana mmoja mwenye sauti ya upole, tukambatiza jina la Bwana Ratiba kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa na ratiba, hata kunywa maji. Siku ya kwanza akatupa sheria iliyotushangaza. Alisema madarasa yaliyopita yalimfundisha kitu: bosi akionekana usoni, karani hasemi. Na mradi wa teknolojia kwenye usafirishaji unakufa pale pale, kwa sababu anayejua basi linavyokwama ni mtu wa chini, na anayenunua mfumo ni mtu wa juu.

Kwa hiyo hakuna majina. Hakuna vyeo. Kamera zimezimwa mpaka siku ya mwisho. Kila mmoja anaitwa kwa anakotoka: Mtu wa Bandari, Mtu wa Malori, Mtu wa Taa. Na kwa kuwa wengi tulikuwa na zamu tofauti na sauti zilikuwa zinakatika, kazi za vikundi zote zilikuwa za kuandikiana.

Mimi nikawa Mtu wa Mabasi. Nikapangwa na Mtu wa Reli.

Kazi yetu ilikuwa kuandaa mpango wa mradi wa kituo ambapo treni na mabasi yanakutana. Treni ikichelewa, mfumo uwaambie madereva wa mabasi wasubiri, na skrini iwaambie abiria kinachoendelea. Kazi nzuri, yenye maana, na iliyofanana na ule mradi niliokuwa naumendea kazini. Nikifaulu hapa, kule nimepita.

Wiki ya kwanza tulitakiwa kila mmoja amwandikie mwenzake kisa cha mradi ulioharibika kwake. Mnajua nilichoandika. Niliandika ndoo, mashine, wakubwa, mvua, sikuacha kitu.

Mtu wa Reli akajibu kwamba amecheka sana. Kisha kule chini ya skrini pakaonekana kwamba anaandika. Anaandika, anaacha, anaandika tena.

Mimi sina subira ya kusubiri mtu anayeandika polepole. Nikaona niende kwenye kazi moja kwa moja. Nikamtumia mgawanyo niliokwisha kuupanga peke yangu, nikamalizia hivi:

"Nakuandikia taratibu ili uelewe. Ukikwama uliza, usibuni. Tusipotezeane muda."

Kule chini pakaacha kuandika. Baada ya kitambo likaja jibu.

"Sawa. Nimekusoma."

Nikasema moyoni, vizuri, huyu anafundishika.

Kuanzia hapo nikamwendesha. Yeye alipendekeza mfumo uwashwe siku moja kituo kizima, pande zote mbili, ili abiria wasichanganyikiwe. Mimi nikasema tuanze na jukwaa moja, tuone makosa, ndipo tusonge. Na nilikuwa sahihi. Mwisho wa yote mkufunzi mwenyewe alisema hivyo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilikuwa sahihi na ningeweza kulisema kwa mstari mmoja wa kistaarabu.

Nilichoandika ni hiki: "Hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajawahi kusimamia hata foleni ya maji."

Alijibu kwamba ameelewa hoja, ila angependa nimwachie aeleze sababu zake kwenye sehemu ya hatari. Sehemu hiyo ilikuwa yake. Akaiandika. Nikaisoma, nikaiona ndefu. Nikaifuta yote, nikaandika yangu, wala sikumwambia. Aligundua mwenyewe.

"Sehemu yangu siioni," akaandika.

"Huwezi kuiona, nimeitoa. Ilikuwa inatuangusha."

"Sawa."

Siku nyingine alichelewa kujibu, nikamwandikia kwamba kama kazi imemshinda aseme, kuna watu wana maisha. Siku nyingine alikosea jina la kifaa, nikamtumia jina sahihi mara kadhaa mfululizo, kama mtoto anayeandikishwa ubaoni. Nikisoma ujumbe wangu kabla ya kutuma nilikuwa nacheka peke yangu. Nilijiona nina kipaji.

Halafu ninafunga kompyuta, ninachukua simu, ninapiga kwa mama mkwe. Shikamoo mama. Za kutwa mama.

Jioni moja simu ilipokelewa na binti yangu. Nikamuuliza bibi yuko wapi.

"Amejifungia chumbani, anasoma," akaniambia kwa kunong'ona. "Amesema tusipige kelele, mwalimu wake atasikia."

Nikacheka. Nikadhani bibi yake anasikiliza mafundisho ya dini kwenye simu, kama walivyo wazazi wengi siku hizi. Nikamwambia asimsumbue bibi, amsalimie tu.

Wadau, ukweli ulikuja mpaka mlangoni ukabisha hodi kwa sauti ya mwanangu. Nikaufungia nje.

Karibu na mwisho wa kozi, Mtu wa Reli aliniandikia jambo lisilohusu mradi. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Naomba kukuuliza. Huwa unaongea hivi na watu wote?"

Nikajibu: "Wanaonielewa hawalalamiki."

"Na nyumbani?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Mtu nisiyemjua ananiuliza habari za nyumbani kwangu, angeambiwa tu afanye kazi yake. Lakini swali lilinichoma, na mimi nikichomwa nadanganya.

"Nyumbani kwangu ni shwari," nikaandika. "Mke wangu ndiye anayenielewa kuliko wote."

Jibu lilichelewa. Nikadhani mtandao umekatika.

"Nashukuru kwa kunijibu," akaandika, akatoka.

Tangu siku hiyo mama mkwe akaanza kuwa mzito kwenye simu. Anaitikia salamu, anauliza hali, basi. Nikimgusia habari ya mke wangu kurudi anasema tutaongea. Nikasingizia mgongo wake.

Siku ya mwisho ikafika. Kila kundi liwasilishe kazi yake, kamera zote ziwashwe. Nilijiandaa kisawasawa. Shati jeupe, tai, nywele nimechana. Chini nikabaki na bukta kwa sababu kulikuwa na joto na nani ataona.

Nilikuwa na hamu ya kumwona Mtu wa Reli. Nilimpa sura kabisa kichwani: kijana mwembamba, mwoga, mwenye miwani.

Bwana Ratiba akatuita. Kwanza nikaona ukuta wa kijani hafifu na kabati la vyombo lenye vioo. Nikajisemea, angalia bwana, kabati kama la ukweni.

Kisha mtu akavuta kiti, akakaa mbele ya kabati.

Alikuwa amevaa sare ya kazi, koti la bluu lenye beji kifuani. Miwani ya kusomea iko puani. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyechelewa kidogo kikaoni.

Mama mkwe.

Mwili wangu ulifanya uamuzi bila kuniuliza. Nikasimama. Nikainama. Nikaamkia. Bukta ikaonekana na maua yake yote, na darasa likacheka, na mkufunzi akawa anasema jamani, jamani, tutulie.

Yeye hakucheka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa, tuwasilishe kazi."

Nikakaa.

Akajitambulisha. Yeye ndiye mkuu wa chumba cha kuongozea treni, ndiye anayeamua treni ipi ipite na ipi isubiri, na shirika lao lilimchagua yeye asimamie mfumo mpya kabla hajastaafu. Niliyasikia hayo pamoja na watu baki, kwa mara ya kwanza, kana kwamba sijawahi kula mezani kwake.

Akaeleza mpango wetu kwa utulivu. Alipofika kwenye swali la kuanza na jukwaa moja, nikafumba macho nikisubiri anianike. Angeweza. Maneno yangu yote alikuwa nayo.

"Hapa mimi nilikosea," akasema. "Nilitaka tuwashe kituo kizima kwa pamoja. Mwenzangu akanirekebisha, na alikuwa sahihi."

Basi. Hakuongeza hata chumvi.

Zamu yangu ilipofika sauti ilitetemeka mpaka mkufunzi akauliza kama mtandao wangu uko sawa. Nilisema uko sawa. Tulipata alama za juu kuliko makundi yote. Mkufunzi akamwomba kila mmoja aseme neno kuhusu mwenzake. Mimi nilisema nashukuru, nashukuru sana, nikakwama hapo. Yeye akasema mwenzake anaijua kazi, na amejifunza mengi kwake, hata yale ambayo mwenyewe hakukusudia kufundisha.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani umeme ukatike mji mzima.

Nikampigia kozi ilipofungwa. Hakupokea. Kesho yake sikwenda kazini, nikaenda ukweni.

Mlango alinifungulia mama mkwe mwenyewe. Akanikaribisha, akaniletea maji, akaniuliza habari za safari. Chumba cha pili nilisikia cherehani inafanya kazi. Mtoto alikuwa amepelekwa kwa jirani, nikaelewa kwamba nilikuwa nasubiriwa.

Nikashuka kutoka kwenye kochi, nikapiga magoti. Sikupanga kufanya hivyo.

"Mama, nisamehe. Wallahi sikujua ni wewe."

"Inuka, mkwe. Na hapo ndipo penyewe," akasema. "Hukujua ni mimi."

Nikarudi kwenye kochi. Akavua miwani, akaiweka mezani, akanieleza polepole kama mtu anayetoa taarifa ya ajali.

Alinijua tangu wiki ya kwanza. Kisa cha ndoo ameshakisikia kwenye meza ile ile, atakikosaje? Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaanza kuniandikia, "Mkwe, dunia ndogo, ni mimi mama yako." Alikuwa anatafuta namna nzuri ya kuniambia, anaandika anafuta, akataka iwe mzaha mtamu wa kunisimulia nikija.

Ndipo ukaingia ujumbe wangu wa kumwandikia taratibu ili aelewe.

"Nikausoma mara mbili," akasema. "Maneno hayo nilishayasikia. Binti yangu aliniambia unamwambia hivyo hivyo, nakusemesha taratibu ili uelewe. Na mimi nikamjibu kwamba anakuza mambo. Nilimwambia mwanangu mwenyewe ni mwongo, mkwe, kwa sababu wewe unaniamkia vizuri."

Nikaitazama miwani yake pale mezani.

Akaendelea. Alifuta alichokuwa anaandika, akaamua kukaa kimya aone. Si kwa kunitega, akasema, ila alitaka kujua mwanawe anaishi na nani pale ambapo mama hayupo. Kila siku alitumaini nitabadilika. Kila siku nilimwandikia vibaya, na jioni yake nikampigia kwa sauti ya asali. Alisema kilichomtisha si yale matusi. Ni vile vyote viwili kutoka kwa mtu mmoja, siku moja.

"Siku uliyoniambia mkeo ndiye anayekuelewa kuliko wote, alikuwa chumba hicho anashona," akasema. "Niliinuka nikaenda nikamwomba radhi. Mimi, mama yake mzazi. Nilikuwa nakaribia kumrudisha kwako kwa nguvu, mkwe. Nilishamwambia na siku ya kuondoka."

Cherehani kule chumbani ikanyamaza.

Mke wangu akatoka. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na nyuzi kwenye nguo. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha, kwa sababu mke wangu akikasirika najua namna ya kumpoza. Mama yake akainuka kutupisha, akaenda nje.

Nikaanza kujieleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia kozi ilinibana, kazini ni presha, nyumba iko tupu, usingizi sipati, hasira zangu anazijua. Aliniacha nimalize, kisha akakaa kwenye mkono wa kiti cha mbele yangu.

"Naomba nikuulize kitu kimoja," akasema. "Ungejua yule ni mama, ungemwandikia vile?"

"Nisingethubutu."

"Hata ungekuwa umechoka?"

"Hata ningekuwa nimechoka."

"Hata umekasirika, hata amekosea kweli?"

"Jamani, mama? Hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu ambaye hesabu yake imekubali.

"Basi unaweza kujizuia," akasema. "Miaka yote umeniambia ni hasira, ni uchovu, ndivyo ulivyoumbwa. Nikakuonea huruma, nikakuchemshia maji. Nilidhani ni kama ugonjwa. Kumbe huwa unaangalia kwanza ni nani, ndiyo unachagua."

Wadau, nimewahi kugombezwa na wakurugenzi. Nimewahi kuzomewa na abiria kituo kizima. Sijawahi kuambiwa kitu nikakosa hata pa kuweka macho.

Nilitafuta jibu. Jibu langu la siku zote lilikuwa limekufa, na nililiua mwenyewe kwa mdomo wangu, dakika ile ile.

Nikamwomba arudi. Akasema sasa hivi hapana. Akasema hamaanishi kwamba hatarudi kamwe, ila hawezi kurudi kwa mtu anayewaheshimu wale anaowaogopa tu. Aliniambia niende nikajizuie hivyo hivyo, yeye akiwa hayupo, kwa watu ambao hawana uwezo wa kunifanya lolote, halafu atasikia. Akaniitia mtoto kutoka kwa jirani nikae naye mpaka jioni. Mama mkwe akatupikia, tukala wote, akanijazia sahani kama zamani. Hakuna aliyeniomba kisa chochote mezani, na mimi sikutoa.

Cheti kimekuja. Mradi wa mabasi nimepewa mimi. Kazini wananipongeza kwenye korido na mimi naitikia huku natazama viatu.

Juzi tulikuwa na kikao cha kufungua mradi. Karani mmoja wa kituoni, mgeni kazini, akaanza kueleza jambo, akalizungusha, akalikosea. Nikausikia mdomo wangu unafunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia endelea, tunakusikiliza, akaendelea mpaka mwisho.

Mtadhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilikaa pale nikiona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya bukta, kwa sababu ilikuwa rahisi. Haikunigharimu kitu. Kila siku ninayofaulu kujizuia, namwona mke wangu amesimama na wageni wetu, anacheka pamoja nao ili nisiaibike mimi, na najua siku ile pia ningeweza.

Kama na wewe una salamu ya mkwe na lugha ya wengine, usingoje kamera iwashwe. Heshima inayouliza kwanza "huyu ni nani" si heshima, ni woga uliovaa tai. Na yule unayemwambia ndivyo ulivyoumbwa, siku akijua kwamba unaweza kuacha, hutakuwa na neno la kumwambia. Mimi bado natafuta la kwangu.